Mlango wa Choo na Mama Mkwe

Jumapili, 23 Februari

Baada ya misa nimenoa randa tena. Bado inakwangua tu, hairandi. Mzee aliyeniuzia vifaa hivi alihamia Tunduru kulima korosho, na sasa naanza kuelewa kwa nini aliondoka haraka. Msumeno una mapengo. Nyundo inachomoka mpini. Patasi moja ndiyo ya kweli, na hiyo ndiyo iliyonikata.

Mpaka leo nimetengeneza kigoda, kinacheza. Na mwiko. Skola anautumia kufukuzia kuku. Nikimuuliza anasema mwiko ni mzuri, kuku wanauogopa. Mke wangu ana dharau za taratibu.

Jumanne, 25 Februari

Mama mkwe anakuja. Ana kliniki ya macho hapa mjini. Atatoka Maposeni Jumamosi ya wiki ijayo, akae kwetu wiki mbili. Tangu tuoane hajawahi kulala hapa. Akija mjini hufikia Mshangano kwa Deo, mwanyumba wangu, aliyeoa mdogo wake Skola. Deo ana choo cha ndani chenye vigae. Chetu kiko uani, mlango wake bati lililooza.

Sijasahau. Siku ya posa mama alisema, mimi nikiwa nje ya dirisha, kwamba mikono yangu ni laini, haitajenga mji. Nauza mbolea na mbegu, alitaka mikono iweje? Nimemwambia Skola nitatengeneza mlango mpya wa mbao. Akasema tuite fundi. Nikasema fundi ni mimi. Akakitazama kigoda.

Mlango wa zamani nimeung'oa leo leo. Bati nimeezekea banda la kuku. Skola kaniuliza haraka ilikuwa ya nini.

Ijumaa, 28 Februari

Mbao za mlingoti, yaani mkaratusi. Mbichi. Muuzaji alinionya nizikaushe kwanza, zitajipinda. Nikamwambia mkwe hasubiri mbao.

Choo kina kitenge kwa sasa. Hapa kwetu Mjimwema kuna upepo. Leo jirani amepita akanisalimia nikiwa ndani. Nimeitikia, ningefanyaje.

Jumapili, 2 Machi

Nilipima juu tu. Chini sikupima. Nilimwamini aliyejenga choo, na aliyejenga choo ni mimi.

Mlango unaingia juu, chini unagoma. Nimekata chini. Sasa paka anapita. Nimeongeza kipande, kikapasuka. Nimekasirika mpaka nimekataa kula. Baadaye nimekula.

Jumatano ya Majivu, 5 Machi

Nimepakwa majivu. Nyama nimefunga. Kuitukana randa sijaweza kufunga.

Deo kapiga simu. Amesikia hatuna mlango, basi mama afikie kwake, nafasi ipo. Nani kamwambia? Skola alikuwa anaosha vyombo kwa bidii sana.

Akienda kwa Deo safari hii, kwangu hatakuja tena. Najua. Nitabaki yule wa mikono laini mpaka tuzikane.

Ijumaa, 7 Machi

Umefunga. Bawaba nzima, komeo la chuma, unafunguka kuelekea ndani. Nimeingia na kutoka, nimefunga na kufungua, mpaka Skola akauliza kama naumwa tumbo.

Jumamosi, 8 Machi

Amefika. Nimechuchumaa kando ya njia, nikatoa shikamoo nikiangalia migomba. Marahaba, naye akiangalia kuku. Ndivyo tunavyoishi. Mkwe na mama mkwe hawatazamani, hawapeani mikono, hawazungumzi ila la lazima kabisa.

Akaenda uani. Nikasubiri nyuma ya pazia. Akatoka. Jioni Skola kaniletea habari: mama anasema mlango ni mzito. Sijui ni sifa au kesi.

Jumatatu, 10 Machi

Choo kimoja, wakwe wawili. Nachungulia, njia ikiwa tupu natoka mbio. Leo tumekutana nusu ya njia. Wote tukageuka, kila mtu akarudi alikotoka, na aliyejisaidia hakuna. Sasa naenda nikiwa dukani.

Mvua haikatiki. Mlango umeanza kulia. Nitauranda nikipata nafasi.

Jumatano, 12 Machi

Sijawahi kuwa na siku kama hii.

Mvua kubwa tangu asubuhi. Skola na majirani wote walikuwa msibani. Mchana nimerudi kula, nasikia kitu kinagonga uani. Mama amekwama chooni. Mbao zimevimba, mlango umekaza pande zote. Nikazunguka mtaa kutafuta mwanamke yeyote anisaidie. Hakuna. Nikarudi, nikakohoa.

"Nani?"

"Mimi, mama. Shikamoo."

Kisha, polepole: "Marahaba."

Kupiga bega haiwezekani. Mlango ukikubali ghafla nitaangukia miguuni pa mama mkwe, chooni. Bora nihame mkoa. Nikachukua patasi, nikaanza kumega ubao pembeni kidogo kidogo, uso nimeugeuzia banda la kuku. Nikajigonga kidole. Nikaguna. Akasema pole. Pole yake ya kwanza kwangu.

Halafu akaanza kuzungumza. Labda kwa sababu mlango uko katikati. Hatuonani, heshima haijavunjika, na kwa kukimbilia hakuna. Aliuliza kama kweli mlango nimeutengeneza mwenyewe. Nikasema ndiyo. Akasema mlango wenyewe unaonesha. Akasema kwa Deo vigae ni vizuri, ila mlango ni wa kioo, mtu anaonekana kivuli chote, kule huwa anavumilia mpaka giza.

"Hapa nilifurahi, mtu anasitirika. Sasa mkwe, umezidisha."

Nimecheka mpaka patasi ikaanguka. Naye alikuwa anacheka mle ndani, nimemsikia. Akasema siku ya posa alijua niko dirishani, alipaza sauti makusudi ili nisikie. Nikamwambia nilisikia vizuri. Akauliza habari za marehemu mama yangu, aliuguaje, alisema nini mwishoni. Tangu tumzike hakuna mtu mzima aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikamweleza yote, mvua ikinipiga mgongoni. Nililia kidogo. Baadaye nikagundua nimeacha kuchonga, na sijui niliacha muda gani.

Hakunikumbusha.

Mwishowe ubao ukaachia. Nikasema, mama, umefunguka, naondoka. Nikakimbia mpaka dukani, nimelowa chapachapa, patasi mkononi. Mteja aliyekuwa akingojea mbolea alirudi nyuma kidogo.

Alhamisi, 13 Machi

Tumerudi palepale. Shikamoo, migomba, marahaba, kuku. Kama hatujawahi kuzungumza.

Skola kasimuliwa na mama. Anacheka akishika ukuta. Deo naye kaja na gari kumchukua mama, eti kwa usalama wake. Mama kasema anabaki hapa. Sababu hakutoa. Deo kaomba kuuona mlango, kauona, kaondoka.

Nimefurahi sana. Naandika hapa kwa kuwa hakuna anayesoma.

Jumapili, 23 Machi

Jana mama amerudi Maposeni. Nyumba kimya. Kwenye migomba hakuna wa kumkwepa.

Leo jua limetoka. Baada ya misa nimenoa randa, na safari hii imekubali, imetoa maranda marefu, mepesi. Nimeung'oa mlango nikaulaza juu ya vigoda, kile kinachocheza na kipya, nianze kuupunguza na kusawazisha pale nilipomega.

Simu ya Skola ikaita. Mama kafika salama, mahindi yamebeba vizuri. Kisha akamuuliza Skola kama mlango umesharekebishwa. Skola akamwambia ndiyo kwanza naanza. Mama akasema uachwe kwanza, uachwe kama ulivyo, mwezi ujao anarudi kliniki na mvua zitakuwa bado zinanyesha.

Skola kanitazama. Nikajifanya natafuta bisibisi.

Mlango nimeurudisha kwenye bawaba zake. Randa nimeipaka mafuta, nimeifunga kitambaa, nimeiweka sandukuni.