Boti ya Kijani Niliyoisingizia Kuoza

Baba Revo,

Hali yako sikuulizi. Nilikuwepo walipokufunika. Ningekuja kusema haya hapo kaburini, maana kutoka mlango wa jiko ni hatua chache tu, lakini jirani yetu Editha siku hizi kutwa anakata majani ya migomba upande huo, na masikio yake unayajua. Kwa hiyo nimechukua daftari la mjukuu wako Koku, nimekaa kwenye kigoda chako, naandika. Ulikuwa ukisema mwandiko wangu ni kama kuku amepita kwenye majivu. Haya, cheka. Darasa la nne ndilo nililopata, na barua zote za nyumba hii niliziandika mimi, si wewe.

Mwanao anahamia majini.

Ndiyo, Revo huyo huyo, fundi wa mashine za kusaga pale Rubwera, mwenye nyumba ya matofali, mke na watoto wawili. Anataka kununua boti ya mashine iliyokwisha kutumika, yenye vyumba vya kulala, jiko na choo, aishi humo ziwani na familia yake. Siku za masomo itafungwa Bukoba ili Koku aende shule. Shule zikifungwa watazunguka visiwani, yeye anatengeneza injini za wavuvi, watoto wanatazama maji. Nilimuuliza nchi kavu imemkosea nini. Akasema, "Mama, nimevuta vumbi la unga miaka kumi na miwili, nakohoa kuliko wewe. Nataka hewa." Nikamwambia hewa ipo hata hapa Kihanga, tena haina mawimbi. Mke wake Modesta akainama kuficha meno. Huyo ni mzaliwa wa Ukerewe, na ziwa analizungumzia kama mimi ninavyozungumzia kibanja changu cha migomba. Najua ni yeye aliyeanza.

Wewe unajua kwa nini siwezi. Dada yangu Paulina alipanda mtumbwi wa mashine kwenda kumwona mwanawe kisiwani, ukapinduka, na hatukumpata. Ni wewe uliyekata mgomba, ukaupima kwa mkono ulingane na urefu wake. Tukaufunga kanga yake tukauzika badala ya mwili. Nilitupia udongo mgomba, Baba Revo, huku naita jina la dada yangu. Tangu siku hiyo nikiona maji mengi nageuza njia. Na sasa nasikia kwamba Alinda, mdogo wake Koku, aliyeanza kutembea juzi, tena kwa kuyumba, atalala juu ya maji hayo kila siku.

Ningekataa. Lakini mwanao ana akili ya kwako, hakuniomba ruhusa. Aliniomba kazi. Akasema, "Mama, injini nazijua, mbao sizijui. Wewe na baba mmekagua mitumbwi ya kukanyagia ndizi za pombe ya rubisi tangu sijazaliwa. Twende ukagonge. Ukisema imeoza, siinunui." Hapo akanikamata. Kusifiwa napenda, nisikudanganye.

Tena ni kweli. Nani wa Ihanda au Kihanga alinunua mtumbwi mkuukuu wa kukanyagia ndizi bila kukuita kwanza? Wewe uligonga, mimi nilishika msumari na ndoo. Ulikuwa ukisema hivi: juu usitazame, juu kila mtu anapaka mafuta, lala chini. Gonga usikie. Choma msumari pale maji yanapokaa. Kisha jaza maji ndani, nyunyiza majivu makavu chini, nenda kale, urudi utazame majivu. Hakuna tone linaloweza kujificha kwenye majivu.

Basi nikafunga majivu ya jikoni kwenye mfuko wa sukari, tukaenda Bukoba, sisi watu wazima watatu na watoto wawili.

Boti ya kwanza ilikuwa nyeupe, imepandishwa nchi kavu juu ya magogo. Ina vioo, ina mapazia ya maua, ina jiko dogo la gesi. Modesta alishika mapazia akawa kama bibi harusi. Koku alikwishachagua kitanda. Mwenyewe, baba mmoja wa mjini mwenye kofia, akaanza kunieleza jinsi wazungu walivyokuwa wakitembelea humo. Nikamwambia wazungu siwanunui. Nikatandika kanga, nikaingia chini kwa tumbo. Umri huu. Rangi ilikuwa mpya, inanuka. Nikagonga nikaenda nyuma, pale chuma kinachozungusha pangaboi kinapotokea, sauti ikabadilika. Nikachoma msumari. Ukaingia kama kwenye ndizi mbivu.

Yule baba akasema, "Bibi, hiyo ni rangi haijakauka." Nikamwonyesha msumari, una maji meusi. Nikamwuliza kama rangi yake nyeupe hutoa maji meusi. Akavua kofia akaivaa tena. Revo akaniangalia kama alivyokuwa akikuangalia wewe, na mimi nikajiona mrefu.

Boti ya pili ilikuwa ya mama mmoja mfanyabiashara, wanamwita Mama Salha, mjane kama mimi. Ya kijani, nayo iko juu ya magogo, rangi imebanduka kama ngozi ya ugonjwa, mapazia hamna. Yeye na marehemu mumewe waliishi humo na watoto wao wanne. Hakunisifia kitu. Alisema, "Dirisha hili halifungi. Choo kinataka pampu mpya. Mengine tazama mwenyewe, shoga yangu." Nikaingia chini. Nikagonga mkuku wote, ule mti mkubwa wa chini unaobeba boti nzima, kutoka mbele mpaka nyuma. Ko, ko, ko. Msumari ukagoma kila mahali, ukapinda. Nikaagiza ndoo, tukamwaga maji ndani, nikanyunyiza majivu chini yake. Vijana wa mwaloni, pale ufukweni samaki wanaposhushwa, wakacheka, mmoja akasema, "Bibi, boti huwekwa majini, haiwekewi maji." Nikamwambia tundu halichagui upande, akatafute kazi.

Tukaenda kula. Mimi samaki wangu nilimwachia Koku. Nilikuwa naomba, Baba Revo. Nilikuwa namwomba Mungu majivu yalowe.

Tuliporudi yalikuwa makavu, ungeweza kuyapuliza. Revo akawasha injini, ikaitika mara moja. Akafumba macho kuisikiliza, akatabasamu peke yake. Kisha akaniuliza, "Mama, unasemaje?"

Wakati huo Modesta amesimama ukingoni mwa maji na Alinda mkononi, na mtoto amejinyoosha, anataka kushika wimbi. Mikono yote miwili. Nikasema, "Mkuku umeoza. Achana nayo."

Mama Salha akaniangalia. Akasema polepole, "Mama, hapo umepagonga mwenyewe." Nikamwambia nimegonga na nimesikia, kwani yeye ana masikio yangu? Nilimjibu vibaya mbele ya watu, mwanamke aliyeniambia ukweli hata wa choo chake. Revo hakuuliza la pili. Alimshukuru, akazima injini, tukaondoka. Nilirudi nyumbani nimeshinda. Nilipika, nikala, nikalala.

Siku nne baadaye Revo akapiga simu. Yule baba wa kofia amempigia, anasema ubao mbovu umetolewa, umewekwa mpya, na amemtumia picha. Revo akasema, "Mama, ile nyeupe kasoro ilikuwa ubao mmoja. Ya kijani ndiyo mbaya, umesema mkuku. Kwa hiyo tunachukua nyeupe Jumamosi." Nikasema ngoja nije nigonge tena. Akasema, "Pumzika, mama. Umeshatusaidia vya kutosha."

Vya kutosha.

Nilikaa chini pale pale uani. Mimi najua ubao mmoja ukioza vile, jirani yake haponi, na jirani wa jirani yake. Unapaka, unaziba, unaweka mpya juu ya fundo la uozo, na unakuja kujua maji yakiwa magotini. Na walio ndani ni wa kwetu. Boti nzuri niliwanyima kwa mdomo wangu, ile mbovu nikawasogezea.

Nikakumbuka ulipomfuata yule mwinjilisti mpaka kwake kumwambia mtumbwi uliomchongea una ufa, aurudishe. Hata yeye hakuwa ameuona. Nilikutukana siku mbili. Nilisema umetuaibisha, fundi gani anatangaza ubovu wake. Ulikula chakula chako, ukaenda kumchongea mwingine. Ningekuwa na aibu kama hiyo leo ningeivaa kwenda nayo kanisani. Yangu ni nyingine.

Basi jana nilichukua bodaboda mpaka Rubwera. Nilimkuta Revo amelala chini ya mashine, spana mkononi, Modesta anafagia unga. Sikukaa. Nilisema, "Ile ya kijani haijaoza. Hakuna mahali imeoza. Nilidanganya."

Revo alitoka chini ya mashine taratibu. Nilidhani atapiga kelele, ningempigia zangu tungemaliza. Akasema tu, "Mama, mimi ningewalaza watoto mle kwenye ile nyeupe." Akatoka nje. Nikabaki nimeshika mlango.

Modesta ndiye aliyeniletea kiti. Nilijua sasa ananipata, mkwe amepata siku yake. Akasema, "Mama, ungesema tu unaogopa. Sisi wa kisiwani tunaogopa kuliko nyinyi. Mimi nilikua na kamba kiunoni mpaka nilipojua kuogelea, na mama yangu ndiye aliyeshika ncha." Nikamuuliza mbona hajawahi kuniambia hilo. Akasema, "Uliwahi kuniuliza, mama?" Mdomo anao yule mtoto. Nilikuwa sijauona vizuri.

Revo aliporudi alinipa simu. Alikuwa amempigia Mama Salha, na hakutaka kunisemea. Nikamwamkia yule mwanamke, nikasema nilimsingizia. Akasema, "Nilijua. Mimi mwenyewe siku mume wangu alipoileta nilisema ina harufu ya kifo, nikakataa kupanda mwezi mzima." Nikamuuliza alipandaje. Akasema, "Watoto walikuwa ndani."

Boti ya kijani wanaichukua. Dirisha litatengenezwa, choo kitapata pampu. Nimetoa masharti: kila mtoto na boya lake la kuvaa, Alinda na kamba kiunoni, na ziwa likichafuka hakuna injini ya mvuvi itakayowatoa bandarini, hata kama mvuvi analia. Revo amekubali yote. Bado hanitazami sawasawa. Ana haki, lakini asizidishe, mimi ni mama yake.

Usidhani nimepona. Mbao nzima si ahadi ya ziwa. Dada yangu hakuzamishwa na ubao, alizamishwa na upepo, na upepo sina msumari wake. Naona ile mikono miwili ya mtoto inayotaka kushika wimbi. Naiona nikipika, naiona nikisali. Kama huko ulipo kuna wa kumwomba, mwombe, usikae tu kama ulivyokuwa ukikaa kwenye vikao vya ukoo, kimya, mpaka wengine wakuamulie.

Kwaheri, Baba Revo. Wiki ijayo wanaishusha majini na kuhamia. Wameniambia nisiende, eti presha. Nitakwenda, na ninakuahidi usiku wao wa kwanza nitakuwa humo nao, nimejilaza kwenye sakafu upande wa mlango, ili atakayetaka kutoka anikanyage kwanza. Usingizi sitaupata, najua. Nitasikiliza pumzi zao, ya Koku, ya Alinda, ya Koku, ya Alinda, mpaka kupambazuke.

Wewe lala. Wa kukesha ni mimi.

Mama Revo