Ulivyotuacha Mimi na Mama Kwenye Hiwei

Somanda,
S.L.P. 318,
Bariadi, Simiyu.
Jumapili, 14 Julai 2024.

Mpendwa mdogo wangu Januarius,

Mwadila, kama tunavyosalimiana kwetu. Neno "mpendwa" nimeliandika kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa kuanza barua, na sikutaka kuharibu karatasi tangu mstari wa kwanza. Hujambo lakini? Wifi yangu Nancy hajambo? Rahel wenu lile jino lilishang'oka? Sisi huku wazima. Mama alikwenda kliniki Jumanne, sukari yake imetulia na muuguzi alimsifu. Shemeji yako Ngeleja yupo, ila simwoni sana, kwa sababu msimu wa pamba umefunguliwa na anarudi nyumbani akiwa na nyuzi nyeupe mpaka kwenye nyusi.

Umeuliza kwenye grupu la ukoo kwa nini nimejitoa, ukaweka na vile vikatuni vya kucheka machozi. Nakujibu kwa karatasi. Karatasi utaisoma mpaka mwisho, tena peke yako.

Alhamisi nilikuwa Nkoma kukagua mashamba ya mbegu. Nilipofika kwenye ghala la pamba, Luhende karani, ambaye namheshimu na ananiheshimu, alinyanyua mkono akawa anaupeleka kushoto na kulia kama waipa ya kioo cha gari, na wakulima wote waliokuwa kwenye foleni ya mizani wakaangua kicheko. Nikamuuliza kuna nini. Akasema kaka yake wa Maswa alitumiwa sauti uliyorekodi kwenye grupu, ile uliyosimulia jinsi dada yako alivyolazimisha kukodi gari Marekani ili apige picha, halafu akashindwa hata kuwasha indiketa. Nilicheka nao, Januarius. Nilisimama pale nikacheka, kisha nikaingia ndani ya gari nikafunga vioo.

Sasa nakukumbusha ilivyokuwa, maana naona umejitungia habari nyingine.

Tulitua Houston saa nane mchana. Mama alikuwa amekaa kwenye viti vya ndege tangu siku iliyotangulia. Nilipopata tu intaneti ya pale uwanjani nikakuta ujumbe wako: umebakiza dakika ishirini, unakuja na ugali na samaki kwenye hotpoti ili mama ale ndani ya gari. Nikamsomea. Alifurahi kama msichana. Miaka kumi na sita alikuwa hajala chakula ulichokishika wewe. Akaniomba mkoba wake, akaingia chooni, akajichoma sindano ya sukari, kwa kuwa chakula kilikuwa njiani.

Dakika ishirini zikapita, ikapita na saa nzima. Ndipo ukaandika kwamba umeitwa kazini ghafla, nikodi gari hapo hapo uwanjani, litatufaa wiki zote tatu, teksi ni hasara. Ukasema kuendesha huko ni rahisi kuliko Bariadi, kwa sababu hakuna ng'ombe barabarani. Nilikupigia mara tisa. Simu iliita mpaka ikakata, mara zote tisa.

Nilimnunulia mama mkate wenye nyama ya baridi na majani mabichi. Alimega mara mbili akaufunga kwenye karatasi yake, akasema atakula kwako. Nilijua hajala vya kutosha. Hilo ni kosa langu na sikutwishi wewe.

Tukapanda basi mpaka kwenye ofisi za kukodisha magari, tukapanga foleni. Kijana wa kaunta aliipokea leseni yangu akaigeuza, akaigeuza tena, akaenda kumwonyesha mkubwa wake. Waliniangalia wote wawili. Waliuliza Tanzania iko wapi, kadi yangu ya benki ni ya benki gani, tiketi ya kurudi iko wapi, na kama nina hakika ninajua kuendesha. Niliomba gari dogo, nikapewa jeupe lililo refu kuliko pickup ya ofisi yetu. Nikamwomba anionyeshe vitu vilivyo ndani. Alininyooshea kidole mahali lilipoegeshwa, akamwita aliyekuwa nyuma yangu.

Wewe unajua mimi si mwoga wa usukani. Mwaka wa kumi na saba huu naendesha nikienda kwa wakulima. Nimevuka mito ya Nkoma wakati wa masika, na njia ya Mwanhuzi nimeipita katika vumbi ambamo huioni hata boneti yako mwenyewe. Lakini gari lile usukani ulikuwa kushoto, barabara wanapita kulia, na indiketa iko mahali ambapo kwangu pana waipa. Kwa hiyo ni kweli, kila nilipotaka kukata kona, waipa zilifuta kioo kikavu. Hapo tu ndipo hukudanganya.

Ramani niliifungua kwa intaneti ya uwanjani. Tulipoingia hiwei, ile barabara yao kuu, ikawa leni tatu, halafu nne, halafu sita, zote zimejaa, na zote zinakimbia. Hakuna anayekupisha. Ukiacha nafasi mbele yako ili uwe salama, mtu anaingia kwenye nafasi hiyo, na wa nyuma anakupigia honi kwa sababu umeiacha. Malori yalitupita pande zote mbili mpaka gari likawa linatikisika. Njia ya kutokea tuliyoelekezwa ilikuwa kulia, nami nilikuwa nimebanwa katikati. Niliiona ikija, nikaiona ikipita. Simu ikaacha kuongea, kwa sababu nje ya uwanja sikuwa na intaneti, na tangu hapo nikawa nafuata tu magari yaliyo mbele yangu.

Mwanaume mmoja alishusha kioo, akatutukana, akatuonyesha kidole. Mama akampungia mkono. Akaniuliza, "Mbona wanasalimia kwa hasira hivi?" Hiyo nayo uliisimulia, nasikia ndiyo iliyowachekesha kuliko zote. Mimi nilikuwa nimekaza macho barabarani.

Tulizunguka hivyo kwa zaidi ya saa moja. Mama alikuwa nyuma anasali rozari kwa sauti, nami nilikuwa nashukuru kuisikia, maana ilinipa kitu cha kuhesabu. Kisha nikasikia amerudia Salamu Maria ileile, maneno yamechanganyika. Nikamwita. Akanijibu kwa Kisukuma, ananiuliza kama ndama wameshafungwa. Nilimtazama kwenye kioo, nikaona uso wote umelowa jasho.

Biskuti na pipi zake zilikuwa kwenye mkoba, na mkoba niliutupa kwenye buti pamoja na mabegi kwa haraka ya kuondoka. Nikavuka leni tatu, Januarius. Sijui nilivukaje. Nilisikia honi na breki, nikafika pembeni kabisa nikasimama. Nikatoka mbio kwenda nyuma, na buti haikufunguka. Haina mahali pa kushika. Nilikuwa naipiga kwa viganja, malori yanapita karibu na mgongo wangu, nilipoona taa za polisi.

Askari aliniamuru kwa kipaza sauti nirudi ndani ya gari. Sikurudi. Nilinyanyua mikono yote miwili, nikapiga kelele kwa Kiingereza kwamba mama yangu ana kisukari na anakufa. Alikuja mkono wake uko kiunoni kwenye bunduki. Alichungulia dirishani, akamwona mama, akakimbia kwenye gari lake, akarudi na chupa ya juisi ya machungwa ambayo nadhani ilikuwa ya kwake, maana ilishafunguliwa. Alimnywesha yeye mwenyewe, polepole, ameshikilia shingo yake kama mtu aliyezoea wagonjwa. Sikumuuliza jina. Najuta mpaka leo.

Mama alipoanza kuangaza macho, askari akaniuliza nina ndugu gani hapo. Nikampa namba yako. Akapiga kwa simu yake, akaweka sauti ya nje ili tusikie wote.

Uliipokea mlio wa kwanza.

Nyuma yako kulikuwa na televisheni, mpira, na watu wanashangilia. Ulimwambia kwa Kiingereza chako kizuri kwamba dada yako ni mbishi, gari alilitaka mwenyewe, wewe huwezi kuja, atuelekeze tu njia. Ukacheka kidogo. Askari alikata simu, akaniambia, "Amesema hawezi kuja." Kama vile sikuwa nimesikia. Kisha akatuongoza taratibu, taa zinawaka, mpaka kwenye kituo cha mafuta. Alinifundisha indiketa na kitufe cha buti, akanichorea kwenye karatasi njia ndogondogo za kufika kwako. Tulifika jua linazama. Ulifungua mlango umevaa kaptura na kandambili, ukamkumbatia mama, ukamwambia ndiyo kwanza unaingia kutoka kazini. Mama akasema pole na kazi, mwanangu. Nami nikaenda kushusha mabegi.

Kesho yake tukiwa jikoni, Nancy aliniambia mambo yote huku analia. Kwamba leseni yako walikunyang'anya Januari kwa sababu ya pombe. Kwamba gari alikuwa nalo yeye kazini, na yule rafiki uliyemtegemea akuendeshe mpaka uwanjani alighairi dakika za mwisho, na zile dakika ishirini uliziandika ukiwa bado nyumbani unamsubiri. Kwamba uliona aibu mama asijue. Namshukuru mkeo. Usimgombeze kwa kunieleza, nimeshamwahidi kwamba hutamgombeza.

Ungesema tu. Ungeandika: dada, sina leseni, chukueni teksi, mpe mama kitu ale. Nisingekucheka. Nimekulea, nimekubeba mgongoni kwenda Shishiyu kwa bibi ulipougua surua, nimekuona katika hali mbaya kuliko kukosa leseni. Badala yake uliiacha simu yangu iite mara tisa ukiwa umekaa mbele ya mpira, halafu ukapokea ya mtu usiyemjua. Hiyo ndiyo inayonichoma. Waipa watu watazisahau pamba ikiisha.

Mama tangu turudi anawasimulia kina mama wa jumuiya kwamba kijana wake anafanya kazi mno, hata kwenda uwanja wa ndege hapati nafasi, ila aliacha chakula mezani. Hakukuwa na chakula mezani. Tulikula tambi alizopika Nancy aliporudi. Nimeubeba uongo wako miezi miwili na sasa mabega yanauma. Na wewe unamtumia tiketi ya Desemba aje peke yake. Basi nakuambia hivi: Jumapili itakayofuata baada ya kuipata barua hii, misa ikiisha, mpigie mama, mwambie ukweli kwa mdomo wako. Usipompigia, nitamwambia mimi.

Jumatatu, 15 Julai.

Nilikuwa nimeishia hapo jana, barua ikiwa mezani. Leo baada ya chakula cha mchana mama ameikuta. Unajua Kiswahili cha kuandikwa anakisoma kwa shida, lakini jina lako analitambua popote lilipo. Akaniambia nimsomee. Nikamwambia ni mambo ya pamba. Akavuta kiti akakaa.

Nimemsomea yote. Hata kidole nimemweleza maana yake. Nilipofika kwenye simu ya askari nilitaka kuruka, akaniambia nisiruke. Nilipomaliza hakulia. Alisema maneno haya, na ameniamuru niyaandike kama yalivyo:

"Kiingereza sikijui, lakini sauti ya mtoto wangu akidanganya naijua. Nilisikia siku ile ile. Nimewaambia wanajumuiya hivyo ili asidharauliwe. Mwandikie kwamba siendi tena. Karatasi zake za kuishi huko alishapata, asinidanganye kwamba zinamzuia. Aje yeye, asimame mbele yangu aniambie."

Kisha akainuka akaenda kuwafungulia kuku. Januarius, mimi nilikuwa nimejiandaa kukutishia kwa siri ambayo mama alikuwa nayo tangu siku ile. Sasa sina la kukutishia. Tiketi ya Desemba irudishe. Na kwenye grupu useme ukweli, kwa sauti yako ileile uliyotumia kunitania.

Ngeleja anakusalimu, ingawa barua hii hajaisoma. Shangazi Justina anakusalimu. Msalimie sana Nancy, na Rahel mwambie shangazi yake anamkumbuka yeye na zile ngoma tulizocheza sebuleni. Mungu awalinde nyote katika nyumba hiyo, na wewe akupe miguu ya kusimama mbele ya mzazi wako.

Mama nimemuuliza mara mbili kama ana salamu zako. Amesema maneno yake ameshayatoa.

Dada yako akupendaye, hata leo,
Philomena.