Jiwe ndani ya Bomba

Jumatatu, 12 Julai 1993
Nimepepeta mtama. Perisi, mjukuu niliyemlea, yuko uani anagonga vyuma. Mabomba membamba kutoka kwa mchomeleaji wa Kizota, kayaunga yakawa kama ngazi ndefu, kaining'iniza kwa mipira ya baiskeli. Anagonga kwa nyundo, inatetemeka, anakimbilia ndani kutazama mashine iliyoungwa kwa waya ikichora mawimbi. Ati masomo ya chuo. Mimi wa kisomo cha watu wazima nitajuaje? Simwamini.

Jumanne, 13 Julai
Nimembana. Anasema wataalamu wanataka kujenga vitu virefu angani, vyembamba, vinavyoyumba. Hapa chini huwezi kuvipima vizuri, uzito wake unavikunja. Unavitikisa huko huko, na kwa mtikisiko tu unajua wapi pazito, wapi palegevu, na lini vitatulia. Mipira inakifanya chuma kidhani kinaelea. Maneno matamu mno.

Jumatano, 14 Julai
Mama Sadiki wa dukani kachungulia. "Bibi Perisi, huyo anavua samaki wa mbinguni?" Nimemfukuza na mwiko. Mjukuu wangu nitamsema mimi.
Lakini roho imeingia baridi. Perisi anasema kazi hii ikikubaliwa atakwenda kusoma Ulaya, miaka mingi. Anataka baraka zangu. Bado sijampa. Nadhani kafukuzwa chuo, anaona haya.

Ijumaa, 16 Julai
Kwetu mganga mgeni hupimwa. Unaficha kitu, akitafute. Akishindwa, aende zake.
Perisi alipokwenda kuteka maji, nimesokomeza jiwe ndani ya bomba moja, upande wa jikoni. Nimeziba kwa tambara. Halionekani.

Jumamosi, 17 Julai
Kagonga mapema, kabla ya upepo. Kaingia ndani. Kagonga tena. Nikawaza, sasa atalia, atasema ukweli, nitamkumbatia, yaishe. Maziwa mgando nilishamwekea.
Akatokea mlangoni, chuma hata hajakikagua. "Bibi, nani kaongeza uzito ncha ya jikoni?"
"Umeona wapi?"
"Sijaona. Kinatikisika polepole kuliko jana, na ncha ile inacheza kidogo kuliko nyingine."
Kachomoa tambara, jiwe likadondoka. Kacheka mpaka akakaa chini. "Bibi wewe mchawi!"
Sikucheka.

Jumapili, 18 Julai
Kanisani nimekaa nyuma. Hakufukuzwa. Basi na Ulaya ni kweli. Mungu anisamehe, nilitaka awe mwongo.
Mchana nimempakulia mlenda, nikamwongezea bila kumuuliza. Nimemwambia baraka anazo. Nilikuwa nimemgeuzia mgongo, nakoroga chungu kilichokwisha kuiva.