Lango la Mwami

Jumatano, 1 Oktoba
Nimegeuza dagaa juani, mikono inanuka. Baba bado yuko kambi ya wavuvi, kusini. Atarudi mbalamwezi ikikolea; mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawafuati taa, wavuvi wanapumzika. Ndizo siku zetu za tamthilia ya joka. Miaka tisa sasa. Sheria ya Mama: haangalii mtu peke yake.

Kaka Hamisi kaleta flashi. Sehemu ya mwisho, imeshatiwa Kiswahili na yule mtafsiri wetu wa vichekesho. Nilitamani kuitupa chooni.

Ijumaa, 3 Oktoba
Situlii. Tangu Hamisi aache mtumbwi wa Baba akafungue kibanda cha kutengeneza simu huko Gungu, hawasemeshani zaidi ya salamu. Maneno yanapita kwangu. "Mwambie kaka yako afunge mlango." Na kaka mwenyewe kasimama hapo hapo! Wanakaa chumba kimoja kwa ajili ya tamthilia tu. Ikiisha, tunabaki na nini?

Jumapili, 5 Oktoba
Baba karudi. Hamisi kamwamkia, "Shikamoo." Baba, "Marahaba." Macho kwenye nyavu. Basi, imetoka hiyo.
Nimeunguza migebuka, samaki wote wa chakula cha usiku. Mama kaniuliza nina nini. Nina hasira.

Jumatatu, 6 Oktoba
Nimeficha flashi kwenye gunia la dagaa. Ujinga. Mama kaitoa, kaifuta kwa khanga, kaiweka kando ya runinga.

Jumanne, 7 Oktoba
Tumeangalia. Baba kwenye kochi, Hamisi wima mlangoni, kama mtu anayeaga. Mwami, ndivyo Baba anavyomwita mfalme wa tamthilia, yuko juu ya ukuta. Chini mwanawe aliyekataa upanga anagonga lango, joka nyuma yake. Umeme ukakatika.

Baba akasonya. Tukangoja. Wapi!

Hamisi akaanza kusimulia kilichobaki. Kumbe kaishaiona, kavunja sheria! Nusura nimrukie. Lakini anasimulia kwa sauti ile ile ya mtafsiri wetu, na vichekesho vyake vyote. Mwami kashuka ngazi mwenyewe, magoti yanamuuma, analaani kila ngazi. Kafungua lango. Kasogea tu mwanawe apite.

Giza. Kisha Baba, bila kupitia kwangu:
"Na joka?"
"Limelala nje, Baba. Limechoka."
"Haya. Na wewe kaa basi, umesimama muda wote."
Akakaa. Nililia, hakuna aliyeniona.

Alhamisi, 9 Oktoba
Umeme umerudi. Hamisi yuko kazini. Baba kaniambia niweke flashi. Sheria imekufa, Mama mwenyewe kakaa mbele.

Mwami hafungui. Anamtazama mwanawe, anageuka, anaingia ndani. Maandishi ya mwisho yanapanda. Hamisi hakuwa ameiona hata kidogo; ile ya gizani kaitunga mwenyewe.

Baba akainuka. Akachomoa flashi, akaitia mfukoni. Akachukua na simu yake, ile yenye kioo kilichopasuka tangu mwaka jana. Akaniuliza, kwenda kwa Hamisi, mtu akipanda bodaboda anashukia wapi pale Gungu.

Nikamwelekeza.