Kofia za Mama Zimesimama Uswidi

Jumamosi, Temeke. Asubuhi kimenyesha kimvua cha kulaza vumbi tu, halafu jua likatoka kwa hasira kama limechelewa kazini. Nguo zimekauka kabla ya adhuhuri. Mie sijatia kitu tumboni, na wala sijafunga. Nimeshinda na simu mkononi nikingoja picha moja kutoka Uswidi.

Picha imekuja.

Zimesimama! Wallahi zimesimama!

Ngoja nianzie mwanzo, maana wengine mnapita hapa kwa mara ya kwanza. Mama yangu, Bi Zuhura, anashona kofia za viua kwa mkono, zile nyeupe za kuvaliwa na kanzu, kila ua na kila kitobo ni kazi ya sindano. Mie kushona sijui, mkono wangu mzito. Lakini mdomo ninao na simu ninayo, basi kazi tumegawana: yeye anashona, mie napiga picha, naweka mtandaoni, nafunga mzigo na kuupeleka. Zamani tulikuwa tukiwauzia wachuuzi wa mjini. Wakishazishika tu, jina la mama linafia palepale. Mtu anapendeza msikitini na hajui nani kamshonea. Hilo lilikuwa likiniuma kuliko hata bei yao.

Kuuza nje nako kuna shubiri yake. Kofia kwetu haitoki nyumbani bila wanga. Mama anaukamua mwenyewe kwenye muhogo, anaupika uji mwepesi, anaichovya kofia, kisha anaivalisha juu ya bakuli mpaka ikauke imesimama wima. Kofia inayolala ni aibu ya mshonaji. Kwa hiyo mzigo wangu wa kwanza, wa mteja wa Maskati, niliupeleka hivyo hivyo, kofia zimesimama ndani ya boksi kubwa. Nikatozwa kwa ukubwa wa boksi wala si kwa uzito, yaani nililipia hewa. Na hewa haikusaidia kitu, maana boksi lilifika limebonyea kama limekaliwa na mtu mzima. Mteja akanipa nyota moja na maneno ambayo sitayarudia hapa.

Baada ya hapo nilijiwekea nadhiri. Nitajaribu mara moja tu. Nikiharibu, nafunga duka la mtandaoni na kurudi kwa wachuuzi.

Ndipo akaja Salha. Kwao ni Temeke hii hii ila anaishi Uswidi, na mdogo wake wa kiume alikuwa anaoa. Alitaka kofia ya bwana harusi na za wajomba zake. Marehemu baba yao alikuwa hagusi kofia ya mashine, na hii ingekuwa furaha ya kwanza nyumbani kwao tangu wamzike. Aliponiambia hivyo nilijua siwezi kukataa, na nilijua siwezi kukosea.

Nikaamua kofia ziende bila wanga, zimekunjwa ndani ya bahasha nene kama mashati. Wanga angeutia Salha mwenyewe hukohuko, mama akimwelekeza kwa simu. Nilipomwambia mama, akaiweka sindano chini.

"We Mwaju, kofia bila wanga si kitambaa cha kufutia meza? Unataka kunivua nguo mpaka Ulaya?"

Nilibembeleza weee. Mwisho akanyamaza. Hapo ndipo ningepaswa kushtuka, kwa sababu mama yangu akinyamaza ujue kuna jambo analipika. Lakini mie nilidhani nimeshinda. Nikaifunga bahasha, nikaipeleka, nikarudi naimba.

Wiki hii, Jumatatu, Salha akapiga simu. Sauti yake haikuwa ya mtu wa harusi.

"Dada Mwaju, wameuzuia mzigo forodhani huku. Wanasema ndani kuna unga mweupe. Umeweka nini jamani?"

Nikaapa kwa Mungu sijaweka kitu. Nikamgeukia mama. Alikuwa akitunga uzi kwenye sindano, na alikuwa anautunga polepole mno kwa mtu aliyetunga nyuzi maisha yake yote.

"Si wanga tu huo," akasema. "Kwani huko kwenye barafu wangeutoa wapi? Muhogo unaota kwenye barafu?"

Nilipokwenda kunawa mikono kabla ya kugundisha bahasha, mama alikuwa amechomeka wanga wake katikati ya kofia. Na hakuufunga kwenye kitu cha maana. Aliufunga fundo kwenye kipande cha kaniki, kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu. Unga mweupe, ndani ya fundo la nguo nyeusi, hauna jina wala maelezo. Jamani, hata mie ningekiona kitu hicho kwenye mzigo wa mtu ningesoma Ayatul Kursi kwanza ndipo nikiguse.

Nililia. Nikamwambia mama, "Umeniua." Si maneno ya kumwambia mzazi, na nilivyoyatoa tu nilitamani niyameze.  Siku nzima ile mama hakushika sindano, na nyumba yetu bila mama kushona ni kama nyumba ya jirani.

Jioni ikaja barua pepe kutoka kwa ofisa wa forodha, mwanamke. Alitaka kujua unga ule ni nini na ni wa nini, la sivyo mzigo wote ungeteketezwa. Nikakaa kuandika. Kiingereza changu ni cha kuunga kwa uzi, nikaandika nikafuta, nikaandika nikafuta. Kila nilivyoeleza, ilisomeka kama ninaficha jambo.

Jumanne asubuhi nikamwomba mama msamaha, kisha nikamwomba tumrekodi. Mama hapendi kamera. Picha zangu zote za dukani ni vidole vyake tu. Akaniangalia, akaingia ndani, nikajua amekataa. Akatoka amejifunga khanga mpya, doti nzima, wanja machoni.

Akapika uji wa wanga mbele ya simu. Akachovya kofia, akaivalisha kwenye bakuli, tukaianika juani, ikakauka. Akaitoa imesimama kama askari, akamvika Mzee Shomari, jirani yetu fundi baiskeli, aliyekuwa amekuja kuuliza kunani. Nilifikiri amemaliza. Kumbe bado. Akachota kijiko cha uji uliobaki, akainama karibu na simu.

"Mwanangu wa forodha, salamaleko. Huu ni muhogo. Mie ndiye niliyeuweka, binti yangu hana kosa. Tazama."

Akaunywa! Kijiko kizima, bila sukari, bila chumvi. Akafuta mdomo na ncha ya khanga, akaniambia nizime simu kwa sababu anataka kutema.

Nikaongeza maelezo ya Kiingereza chini yake, nikatuma. Ofisa akajibu kesho yake. Unga hautaruhusiwa, sheria ni sheria, lakini kofia ziende. Na chini kabisa akaandika kwamba ofisini kwao wameitazama video ile wote, na wanamsalimia mama.

Salha alizipata Alhamisi. Wanga sasa hana, na harusi keshokutwa. Akasema dukani kwao umejaa wanga wa viazi. Mama akasonya, eti viazi ni vya chipsi. Lakini alikaa kwenye simu ya video muda wote, uso umekikaribia kioo mpaka Salha alikuwa anaona pua tu.

"Punguza maji, mwanangu. Usinipikie uji wa mgonjwa. Haya, bakuli liko wapi? Hilo dogo, hilo la mtoto. Kubwa!"

Jana hatukupata habari yoyote. Leo ndiyo nimekwambia, sijala.

Na sasa ninayo picha. Bwana harusi katikati, kanzu nyeupe, kofia imesimama wima na viua vyake vyote vinaonekana. Wajomba huku na huku, theluji dirishani nyuma yao. Nimempa mama simu. Ameikuza picha kwa vidole viwili, amemkagua mmoja baada ya mwingine.

"Huyu wa kushoto yake imelala. Maji yalizidi. Lakini viua ni vyangu," akasema. Kisha akaikuza tena, akasema, "Ni vyangu hivi."

Salha ameandika kwamba mama yake alipomwona bwana harusi alitoka chumbani analia, kwa jinsi mwanawe alivyofanana na marehemu. Na wageni wameuliza kofia zimetoka wapi. Amewajibu wote: kazi ya Bi Zuhura wa Temeke.

Jina la mama yangu limetajwa harusini Uswidi. Nimelisoma mara nyingi mpaka machozi yakaidondokea simu, na sioni haya kuliandika hapa. Duka silifungi ng'o.

Halafu nikaona oda mpya. Kofia moja, anwani ya Uswidi, jina nalijua: ni yule ofisa wa forodha. Ameandika ni ya kuvaa mwenyewe, na chini ameongeza, "Bila unga, tafadhali." Nilipomsomea mama amecheka mpaka akashika ukuta. Kisha akakunja uso.

"Mwanamke na kofia ya kiua?" Akafikiri. "Haya, kichwa ni kichwa. Muulize saizi."

Ameshaanza kushona, naiona sindano inavyokwenda. Mzigo huu utakuwa wa bahasha, bila wanga, kama tulivyokubaliana. Ila siku ya kuufunga sitakwenda kunawa mikono hata kwa dakika moja, maana mama amenyamaza tena.