Ukuta wa Upande wa Dampo

4 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, sijui wewe na kifua chako, na wanafunzi wako.

Ramani ya shule yako mpya nimeimaliza. Siku ile nilipokuja kupima kiwanja, harufu ya dampo ilinitapisha nyuma ya gari, nikaondoka mbiombio hata chai yako sikuinywa. Kwa hiyo upande ule nimeweka ukuta mtupu, hakuna dirisha hata moja. Madirisha yote yanatazama kilimani. Wakubwa wa halmashauri wamefurahi: "Hili ndilo jengo linaloendana na mazingira!"

Mdogo wako

11 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Kifua kinabana, watoto wanakohoa, tupo tu.

Ramani yako imenitia kinyaa kuliko mizoga ya mbwa inayotupwa pale. Upepo ukiingia upande wa kilimani, utatokea wapi? Watoto sitini chini ya bati watachemka kama viazi. Na nzi je? Wao umewaandikia barua wasizunguke?

Jana diwani alikuja akichekelea: "Mwalimu mkuu, maadamu shule inaligeuzia dampo mgongo, malori ya taka yatasogea mpaka kwenye uzio." Umewachorea wao, si watoto. Usiniletee tena uchafu huu.

Dada yako

2 Mei

Dada,

Shikamoo. Natumaini kifua kimetulia. Aibu ndiyo iliyonichelewesha kuandika.

Kikaoni ofisini nilisema dampo lihamishwe kwanza, ndipo nichore upya. Bosi wangu akacheka: "Wewe chora. Kunusa si kazi yako." Nikakataa kuitia saini ramani ile. Sasa sina kazi. Nijibu, hata kwa matusi.

Mdogo wako

20 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Kifua ni kilekile.

Walipata mwingine, akaisaini ramani ileile. Wakachimba msingi. Chini ya nyasi wakafukua dampo la zamani: nepi, sindano, mifupa, maji meusi yenye povu. Mafundi wakatupa sepetu. Diwani, leso puani, akasema, "Mwageni zege, nani ataona?" Mama mmoja akatema mate miguuni pake, akamshika mwanawe mkono, akaondoka. Wazazi wote wakamfuata. Na mimi nikawafuata.

Sasa tunafundishia ng'ambo ya mto, kwenye ghala la mbao. Mwenye ghala ametugawia kiwanja kando yake. Njoo. Lakini safari hii ukae nasi kutwa nzima, uone jua linapita wapi na mvua inapiga upande gani, ndipo ushike penseli.

Sijakusamehe bado, ila kitanda nimeshakutandikia.

Dada yako