Banzi la Upepo na Mguu wa Mama Minza

Alhamisi. Bariadi imeamka na upepo mkavu, vumbi mpaka kwenye chai. Nimeomba ruhusa kazini. Siumwi. Kuna jambo la Jumatatu ambalo lazima niliandike hapa.

Mimi ni nesi wa zahanati ya kijijini, kule Itilima. Jumatatu asubuhi aliletwa Mama Minza. Alikuwa amedondoka kutoka kwenye mkokoteni wa ng'ombe uliojaa pamba, gurudumu likampita mguuni. Mfupa wa muundi ulikuwa umevunjika, ila ngozi haikuchanika. Binti yake, Minza, alikuwa analia kuliko mgonjwa mwenyewe.

Tuna banzi la upepo pale kazini. Ni mfuko wa plastiki angavu. Unamvalisha mgonjwa mguuni, unafunga zipu, unapuliza kwa mdomo hadi mfupa utulie. Mafunzoni tuliambiwa ukilibonyeza kwa kidole gumba lazima libonyee. Likigoma, limezidi, na damu itashindwa kupita.

Nilikuwa nalijua hilo vizuri kabisa.

Lakini niliwaza barabara ya kuja Bariadi, yale mashimo, mfupa ukitoboa ngozi. Nikajiambia bora lizidi kuliko lipungue. Nikapuliza mpaka likawa gumu kama tairi la baiskeli. Sikulibonyeza.

Gari la wagonjwa lilikuwa limetoka na mjamzito, kwa hiyo tukaomba pikapu ya mnunuzi wa pamba, tukamlaza mama nyuma. Jua lilikuwa limeshakaza. Nilimkinga uso kwa mwavuli wangu, mguu nikauacha juani. Hata mtoto anajua mpira ukiachwa juani hewa inazidi kutuna.

Hatujafika mbali akaniambia, "Ng'wanone, vidole vinaungua." Mwanangu, ndivyo alivyoniita, kama mama yangu anavyoniita nyumbani Mwamapalala.

"Vumilia mama, ni mfupa huo."

Baadaye akasema tena, taratibu, "Vidole kama si vyangu."

Nilikuwa na joto, nina njaa, mkono umekufa ganzi kwa kushika mwavuli. Nikamjibu kwa ukali, "Mama, ukilalamika kila shimo hatutafika!" Minza alinitazama, akainamisha kichwa.

Mama hakusema tena.

Naandika hili kwa aibu: alivyonyamaza, nilishukuru. Nikadhani maumivu yametulia. Vidole vilikuwa vinaonekana mwisho wa plastiki, vimepauka kama vimepakwa majivu. Ningeinama tu nivishike, ningejua.

Tulipofika hospitali ya Bariadi, daktari ndiye aliyevishika. Vilikuwa vya baridi, na jua lote lile. Akafungua kizibo, upepo ukatoka kwa kishindo. "Nani kajaza hivi?"

"Tulijaza kule zahanati," nikasema. Tulijaza. Mimi na nani?

Walimwingiza chumba cha upasuaji, wakampasua ngozi ya mguu kwa urefu ili uvimbe upumue. Daktari alisema mguu hautakatwa. Kuhusu vidole, hakutaka kuahidi.

Minza alinikuta kwenye korido akanishika mikono yote miwili. "Asante dada. Bila wewe mama angebaki kilema." Nikasema asante, tumshukuru Mungu. Nikazipokea shukrani zile kama zangu.

Siku mbili sikulala vizuri. Jana nilimweleza mganga mfawidhi wetu, mkuu wa zahanati, kila kitu, akasema, "Na mwenyewe mgonjwa anajua?"

Ndiyo maana leo nimekuja wodini. Minza alikuwa anamlisha uji. Nilipiga magoti kando ya kitanda, nikawaambia wote wawili: banzi nililijaza mimi, nililizidisha, na mama, uliponiambia vidole vinaungua nilitakiwa nitoe upepo. Sikutoa.

Minza aliweka kikombe chini. Akatoka nje, na sikumlaumu.

Mama Minza alinitazama. "Nilijua mguu unakufa," akasema. "Niliona nimekuchosha. Nikanyamaza usikasirike."

Nilitegemea anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hata kwa kofi. Kwa maneno hayo sikuwa nimejiandaa.

Daktari amemwagiza ajaribu kuinua kidole gumba cha mguu kila mara. Alijaribu mbele yangu, uso ukamkunjamana, jasho likamtoka. Kidole hakikusogea. Akapumzika, akaniuliza, "Umekula, ng'wanone?"

Nikasema nimekula.

Sijala. Nimekaa kwenye benchi la nje ya wodi, naandika kwenye simu, Minza amekaa benchi la pili amenipa mgongo. Nitabaki hapa hadi atakapotaka kuongea, au atakaponifukuza.

Miaka yote hii nimekuwa nikiwasifu wagonjwa wasiolalamika. Ni wangapi walikuwa wananiogopa tu?